Sauti Zetu Ziko Wapi? Historia Fupi ya Treki za Sauti na Kanda za Kwaya Yetu



Kamati ya Jubilei iliponipa kazi ya kuandika historia ya rekodi za kwaya yetu, nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Ningeorodhesha kanda na CD zetu, niweke miaka na majina ya nyimbo, kisha nimkabidhi mwenyekiti karatasi zake. Kazi ilikwama siku ya kwanza kwa sababu ya ombi dogo.

Dada mmoja wa parokia yetu alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Marehemu mama yake aliimba sauti ya pili katika kwaya hii tangu siku za mwanzo, na wengi wenu mnamkumbuka. Akaniambia, "Katibu, nimesikia unatafuta kanda za zamani. Naomba unitolee sauti ya mama, yeye peke yake. Wajukuu wake wadogo hawakuwahi kumsikia akiimba."

Nikamjibu bila kufikiri, "Hilo ni jambo dogo, dada. Nipe wiki mbili."

Wiki mbili zikawa miezi saba. Katika kulitafuta jibu lake nimejifunza jinsi sauti inavyorekodiwa, inavyogawanywa, na inavyosafiri hadi kwenye sinema, michezo ya kompyuta na simu tunazobeba mifukoni. Nawaandikia hayo kwa sababu yanahusu miaka yetu 50 iliyopita, na yanahusu zaidi miaka inayokuja.

KANDA YETU YA KWANZA

Wazee wetu wananieleza kwamba kanda ya kwanza ilirekodiwa katika miaka ya 1980. Fedha zilitokana na harambee mbili na kuku waliopigwa mnada baada ya Misa. Safari ya kwenda mjini ilianza saa kumi alfajiri, waimbaji 31 wakiwa wamejazana katika pikapu moja na matatu moja. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye mazulia ukutani na vipaza sauti viwili tu. Kimoja kiliwekwa mbele ya waimbaji, kingine karibu na kinanda na ngoma. Mtu mmoja akikosea, wote walianza upya. Mzee wetu mmoja wa besi anasema wimbo wa nne ulirudiwa mara tisa: mara tatu kwa makosa ya waimbaji, na mara sita kwa sababu ya jogoo wa jirani.

Kaseti zikatoka, zikauzwa, zikasikika katika kila nyumba ya parokia. Lakini kanda kuu, ile ambayo nakala zote zilitolewa kwake, iliachwa studio. Hakuna aliyeiomba, wala hakuna aliyejua kwamba ilifaa kuombwa. Studio hiyo ilifungwa zamani na vitu vyake vikatawanyika. Nilipoanza kutafuta nilipata nakala mbili tu. Moja utepe wake umekatika. Nyingine nilikabidhiwa na babu mmoja wa jumuiya yetu, aliyeitunza ndani ya soksi safi juu ya kabati.

Nikaazima redio kaseti, nikasikiliza. Mama yule yumo. Katika wimbo wa sadaka anasikika kabisa, ile sauti yake nzito kidogo inayoshikilia noti wakati wengine wamekwisha kupumua. Lakini yumo pamoja na wenzake 30, kinanda, ngoma na kayamba. Nilijaribu kugeuza vitufe vyote vya redio ile, sikufaulu. Ndipo nilipoanza kuuliza maswali kwa wanaoijua kazi hii.

TREKI NI NINI?

Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kwanza ya kurekodi na kucheza sauti mwaka wa 1877. Kwa karibu miaka 50 iliyofuata, kurekodi kulifanyika kwa pembe kubwa kama ya tarumbeta. Waimbaji walijipanga mbele ya pembe hiyo, na mawimbi ya sauti zao ndiyo yaliyosukuma sindano ichore mfereji. Aliyekuwa na sauti kubwa alirudishwa nyuma, aliyekuwa na sauti ndogo alisogezwa mbele. Hakukuwa na njia nyingine ya kusawazisha sauti. Kuanzia 1925 vipaza sauti vya umeme vilichukua nafasi ya pembe, lakini bado kila kitu kiliingia kwa pamoja na kubaki kwa pamoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja na utepe wa sumaku, ulioendelezwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Utepe una upana, na upana huo unaweza kugawanywa kama barabara inavyogawanywa kwa mistari. Kila mstari ni njia ya sauti, nasi tunaiita treki. Mwaka wa 1957 mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alipata mashine ya kampuni ya Ampex yenye treki nane. Aliweza kurekodi gitaa leo katika treki moja, kesho akarekodi uimbaji katika treki ya pili huku akilisikiliza lile gitaa la jana. Miaka kumi baadaye, kundi la Beatles la Uingereza lilitengeneza albamu yao mashuhuri ya Sgt. Pepper kwa mashine za treki nne. Leo kompyuta ya kawaida inabeba treki nyingi kuliko tunavyohitaji.

Kaseti tunazozijua zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka wa 1963. Utepe wake haufiki upana wa milimita 4, lakini katika kaseti ya stereo una treki nne ndani yake: mbili za upande A, na mbili za upande B zinazokwenda kinyume. Ndiyo maana tulikuwa tunaigeuza. Kwa hiyo upande mmoja una treki mbili tu, ya kushoto na ya kulia.

Sasa mnaweza kuona shida yangu. Waimbaji 31 na vyombo vyao waliingizwa katika treki mbili. Ni kama chai ya maziwa. Kabla ya kupika, maji yako kwenye sufuria, maziwa kwenye jagi, majani na sukari kwenye mikebe yao. Ukishachemsha vyote pamoja, hakuna mama wa jikoni anayeweza kukurudishia maziwa yako. Studio yenye treki nyingi huweka kila kitu katika chombo chake hadi dakika ya mwisho, kisha huchanganya, na ikiwa ina busara hutunza vile vyombo vya mwanzo. Kanda yetu ya kwanza ilichemshwa siku ile ile.

SINEMA: SAUTI INAYOBADILISHWA, PICHA ILE ILE

Katika sinema za mwanzo hapakuwa na sauti. Mpiga kinanda alikaa chini ya pazia akipiga kufuatana na picha. Mwaka wa 1927 Marekani ilitoa filamu ya The Jazz Singer, ambayo nyimbo zake na baadhi ya mazungumzo yake yalisikika kutoka kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha. Baadaye sauti ikachapwa kwenye ukingo wa filamu yenyewe kama mstari mwembamba, na mwanga ukipita hapo uligeuzwa kuwa sauti tena. Kwa njia hiyo picha na sauti hazikuweza kupishana.

Lakini watengenezaji wa filamu hawachanganyi kila kitu mapema. Hutunza mazungumzo katika treki zake, muziki katika treki zake, na milio mingine, kama hatua za miguu, mvua na milango, katika treki zake. Faida yake wengi wetu tumeiona bila kujua. Mnakumbuka ile filamu ya Yesu iliyokuwa ikionyeshwa usiku kwenye viwanja vya shule na sokoni, shuka jeupe likiwa limefungwa kati ya miti miwili? Filamu hiyo ilitolewa mwaka wa 1979, ikifuata Injili ya Luka, na waigizaji wakuu walizungumza Kiingereza. Tangu hapo imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000. Iliwezekana kwa sababu treki ya mazungumzo inaweza kuondolewa na kuwekwa nyingine, huku muziki, upepo wa ziwani na kelele za umati vikibaki kama vilivyokuwa. Bibi yangu aliitazama kwa lugha ya mama, na hadi anafariki aliamini kwamba yule mwigizaji alikuwa mtu wa kwetu.

Kama sauti zote zingekuwa zimechemshwa pamoja tangu mwanzo, bibi yangu asingeelewa neno lolote.

WAVULANA WA KAMINA

Wanakwaya wenzangu, kisa kinachofuata ndicho kilichonigusa kuliko vyote, kwa sababu ni kisa cha kwaya ya kanisa kama sisi.

Mwaka wa 1953 mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, Padre Guido Haazen, alifika Kamina katika Katanga, kusini mwa Kongo. Aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45 wa shule pamoja na walimu wapatao 15. Mwaka wa 1958 kwaya hiyo iliimba Misa mpya iliyoitwa Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado. Lakini muziki ulikuwa wa kwao. Kyrie iliimbwa kwa mtindo wa maombolezo ya Waluba, na Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Sehemu kubwa haikuandikwa kwanza kwenye karatasi. Waimbaji waliitunga wakiwa wanaimba, kila mmoja akijua mahali pake, kama wazee wetu wanavyofanya katika nyimbo za jando na harusi. Mwaka huo huo walizuru Ulaya, na sauti zao zikarekodiwa kwenye santuri.

Tazameni santuri hiyo ilikokwenda. Mwaka wa 1964 Pier Paolo Pasolini wa Italia alitumia Gloria yao katika filamu yake ya Injili kulingana na Mathayo Mtakatifu. Mwaka wa 1968 Lindsay Anderson wa Uingereza aliitumia Sanctus katika filamu iitwayo if...., inayosimulia wanafunzi wa shule ya bweni wanaoasi hadi kufikia kumwaga damu. Katika filamu hiyo kijana mkuu wa kisa anaicheza santuri ya Sanctus tena na tena chumbani mwake. Mwaka wa 1969 filamu ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na ile Sanctus ikaingia katika orodha ya rekodi zilizouzwa sana Uingereza.

Nilipoyasoma hayo nilifurahi kwanza, kisha nikakaa kimya. Wavulana wa shule ya misheni waliimba "Mtakatifu" mbele za Mungu, na miaka kumi baadaye sauti hiyo hiyo ikawa wimbo wa uasi wa vijana wa Ulaya. Pengine ilifaa pale, maana waliotazama filamu ile hawakuisahau. Hata hivyo, sauti ikishatoka mikononi mwa kwaya haiulizi tena njia. Katika maduka na redio watu walijua jina la Misa, wengine walijua jina la padre. Mvulana aliyeshika sauti ya tatu mstari wa nyuma, ni wangapi walimjua?

Kenya nayo ina nafasi katika historia hii. Muungano National Choir, chini ya uongozi wa Boniface Mganga, waliirekodi upya Missa Luba, na rekodi yao ikatolewa na Philips mwaka wa 1990 pamoja na nyimbo za kiasili za Kenya. Walimu wa kwaya wa rika la wazazi wetu wanaitaja hadi leo.

SALA YA BWANA NDANI YA MCHEZO

Vijana wa kwaya walinicheka nilipouliza kama michezo ya kompyuta ina muziki wa maana. Mmoja akanipa spika zake za masikioni, akasema, "Mwalimu, sikiliza hii." Nikasikia Sala ya Bwana kwa Kiswahili.

Wimbo huo unaitwa Baba Yetu. Ulitungwa na Christopher Tin wa Marekani kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV uliotoka mwaka wa 2005, na uliimbwa kwanza na kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kiitwacho Talisman. Baadaye Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini waliuimba katika albamu ya mtunzi huyo ya mwaka wa 2009. Mwaka wa 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza kuipata miongoni mwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Hebu fikirini: sala ambayo watoto wetu wa katekesi huisema kila Jumamosi ndiyo iliyofungua mlango huo, tena kwa Kiswahili.

Muziki wa michezo una tofauti moja na ule wa sinema. Filamu ina urefu uliokwisha kupimwa. Muziki unajua mlango utafunguliwa dakika gani. Katika mchezo hakuna anayejua mchezaji atafanya nini. Mwaka wa 1978, katika mchezo wa Space Invaders wa Japani, noti nne za besi zilirudiwa bila kukoma, na kadiri maadui walivyokaribia ndivyo zilivyozidi kwenda mbio. Siku hizi michezo mingi hugawa muziki katika treki kadhaa: ngoma huingia hatari ikija, zumari hubaki peke yake hatari ikipita. Jambo hili mpiga kinanda wetu analijua bila kufundishwa. Wakati wa matoleo haamui mapema ataimbisha beti ngapi. Hutazama foleni, na mtu wa mwisho akifika ndipo hupunguza na kufunga.

JIKONI, KWENYE MATATU NA KWENYE SIMU

Sehemu kubwa ya sauti tunazosikiliza hazina picha wala mchezo. Ni redio ya jikoni asubuhi, ni matatu ya kwenda kazini, ni mlio wa Skiza unapompigia mtu. Redio ya taifa, iliyoitwa Sauti ya Kenya kabla ya kuwa KBC mwaka wa 1989, ndiyo iliyoingiza kwaya katika nyumba zisizokuwa na kinanda wala kitabu cha nyimbo. Kaseti ilifuata, nayo ilikuwa na faida kwamba ingeweza kurudishwa nyuma, hata kwa kalamu kama betri zimeisha.

Kisha ikaja CD, mwaka wa 1982, ambayo huipima sauti mara 44,100 kila sekunde na kuandika vipimo hivyo kama namba. Namba zile ni nyingi. Wataalamu wa Ujerumani wakabuni njia ya kuzipunguza kwa kutupa sehemu ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzitambua kwa urahisi, na mwaka wa 1995 faili za namna hiyo zikapewa jina la MP3. Katika majaribio yao, Karlheinz Brandenburg aliutumia wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner, ambao anauimba peke yake bila chombo chochote. Muziki wenye vyombo vingi huficha makosa. Sauti moja ya binadamu, tupu, hufichua kila kilichoharibiwa. Mwalimu wetu wa kwaya husema vivyo hivyo siku za mazoezi anapofunga kinanda.

Hapa nina neno kwa wenye simu, yaani sisi sote. Wimbo unapotumwa katika kundi la WhatsApp, ukahifadhiwa, ukahaririwa na kutumwa tena, mara nyingi hupunguzwa kila hatua. Unafaa kusikilizwa njiani. Haufai kuwa hazina ya kwaya. Rekodi yetu ya mwisho, ile ya miaka sita iliyopita, nimeitafuta kila mahali na nimeipata kwenye simu tu, imepunguzwa hadi sauti ya kwanza inakwaruza. Mambo ya kanda ya kwanza tumeyarudia bila udhuru, maana safari hii vifaa vilikuwepo.

JE, TUCHEZE CD AU TUIMBE?

Si siri kwamba kamati yetu ilibishana kuhusu siku ya leo. Baadhi ya vijana walipendekeza tuiweke rekodi ya studio kwenye spika, nasi tusimame na sare zetu tukifuatisha kwa midomo. Walikuwa na sababu: umati ni mkubwa, hema liko wazi, upepo unakula sauti, na mgeni aje asikie tulivyo bora. Sikuwadharau. Filamu zote tunazozipenda zimetengenezwa kwa namna hiyo.

Lakini Kanisa liliwahi kulijibu swali hili. Mwezi wa Septemba 1958, mwaka ule ule wa Missa Luba, ofisi ya Vatikani iliyosimamia ibada ilitoa maagizo kuhusu muziki mtakatifu, ikakataza gramafoni, redio na mashine za kurekodi kuchukua nafasi ya waimbaji katika liturujia. Mashine inaweza kutoa sauti ya sala, lakini haiwezi kusali. Baba Paroko alitukumbusha jambo hilo kwa upole, na ubishi ukaisha. Leo kwenye Misa mtatusikia sisi wenyewe, na tukikosea mtajua kwamba tuko hai. Rekodi zitachezwa wakati wa chakula.

NILIVYOIPATA SAUTI YA MAMA

Nirudi kwa ombi la dada. Mwezi wa Novemba 2023 ulitoka wimbo wa Beatles uitwao Now and Then. John Lennon, aliyefariki mwaka wa 1980, alikuwa ameurekodi nyumbani kwake kwenye kaseti, akijipigia piano. Wenzake walijaribu kuutengeneza katika miaka ya 1990 wakashindwa, kwa kuwa piano ilikuwa imemfunika. Safari hii programu ya kompyuta iliyofundishwa kutambua sauti iliweza kumtenga na piano ile. Nikapata matumaini. Kijana wetu mmoja wa tena, anayesomea kompyuta, aliiweka kanda yetu katika programu ya namna hiyo. Kinanda kilitoka upande mmoja, ngoma upande mwingine, na waimbaji wakabaki peke yao. Ilipendeza kuwasikia wazee wetu hivyo. Lakini waimbaji 31 walibaki kitu kimoja. Mashine iliweza kujua huyu ni kinanda na huyu ni mtu. Haikuweza kujua huyu ni mama na huyu ni jirani yake.

Nilimwendea dada kumwomba msamaha. Siku hiyo hiyo, tukiwa tunazungumza nje ya kanisa, mjane wa mwalimu wetu wa kwanza alipita akasikia. Akasema, "Mbona yule mzee alikuwa na kaseti zake za mazoezi? Ziko kwenye mkebe wa biskuti." Wiki iliyofuata alileta kaseti moja. Kwenye karatasi yake imeandikwa kwa penseli, "Sauti ya 2."

Mwalimu huyo alikuwa na waimbaji wasiojua kusoma solfa. Kwa hiyo alimchagua mmoja katika kila sauti, akamrekodi peke yake kwa redio ya nyumbani, ili wageni waende na kaseti wakajifunze. Hakuwa na studio wala mashine ya treki nane, lakini alitenganisha sauti nne katika kaseti nne. Kwa sauti ya pili alimchagua mama yule. Utepe umeumia na dakika mbili hivi zimemezwa. Zinazobaki ni 19. Anaimba, anakohoa, anacheka, anamwambia mwalimu, "Ngoja nianze tena." Kuku wanasikika nyuma.

Dada alisikiliza akiwa ameketi kwenye benchi la sakristia, wajukuu wawili wakiwa kando yake. Mdogo aliuliza, "Huyo ni nani anacheka?"

OMBI LANGU KWENU

Kaseti za sauti ya 1, ya 3 na ya 4 hazijapatikana. Ziliazimwa na wanakwaya, na ninaamini bado ziko katika nyumba zetu, ndani ya masanduku, chini ya vitanda, au zimerekodiwa juu yake taarabu na matangazo ya mpira. Yeyote aliye na kaseti ya zamani ya kwaya hii, hata iliyokatika, naomba ailete kwa katibu. Msiijaribu kwenye redio mbovu kwanza. Tutaiweka kwenye kompyuta na kukurudishia kaseti yako pamoja na nakala.

Kamati pia imekubali mambo matatu kuanzia Jubilei hii. Kwanza, kila tutakaporekodi tutadai treki zote zikiwa zimetengana, bila kupunguzwa, na tutazihifadhi mahali pawili tofauti. Pili, kila rekodi itakuwa na orodha ya walioimba, sauti kwa sauti, pamoja na mtunzi na wapiga vyombo. Tatu, mtu akitaka kuutumia wimbo wetu katika filamu, tangazo au mchezo, atakubaliana na kwaya kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, lakini sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Wazee waliotutangulia waliuza kuku ili sauti zao zibaki. Tuzitafute, na tuziandikie majina. Kwa niaba ya kamati nawatakia nyote Jubilei njema ya dhahabu. Mungu awabariki wote walioimba katika kwaya hii, walio hai na marehemu.

Katibu wa Kwaya